Sumaku ya kutibu sonona ni salama, kwa aliyeulizwa vizuri

Mtu akisikia kwamba kuna tiba ya sonona inayotumia sumaku kichwani, swali lake la kwanza huwa moja: haitaniharibu akili? Ni swali la haki na linastahili jibu lisilozungukazunguka. Haitakuharibu. Kwa ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 30, sumaku hii ina madhara machache kuliko dawa nyingi tunazoziandika kila siku kwa wagonjwa wa akili, na natamani siku moja ipatikane Kanda ya Ziwa, isiwe ya wachache wenye uwezo wa kupanda ndege kwenda India. Lakini jibu hilo limebeba sharti, na sharti lenyewe linawagusa watu wa ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola, kupita Masumbwe na Nyakafuru, hadi Geita na Rwamagasa, kuliko linavyowagusa wengi wa wale waliopimwa katika tafiti hizo. Usalama wa tiba hii hauji kwenye boksi pamoja na mashine. Unaanzia mezani, kwenye maswali anayoulizwa mgonjwa kabla hajaketi kwenye kiti, na kwa watu wanaoambiwa, baada ya kujibu, kwamba tiba hii si yao au si yao kwa sasa.

Tuitazame kwanza mashine yenyewe. Kanuni yake ni ile ya dainamo ya baiskeli, ambayo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831: sumaku inayobadilikabadilika huzalisha umeme katika kitu kilicho jirani kinachopitisha umeme. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliielekeza kanuni hiyo kwenye ubongo wa binadamu. Waliweka koili ya waya juu ya kichwa cha mtu aliye macho, wakapitisha mkondo mkubwa wa umeme kwa muda mfupi mno, na misuli ya mkono wake ikaruka bila yeye kuiamuru. Hakuchomwa sindano wala hakulazwa kwa dawa ya usingizi. Katika tiba ya leo koili inayotumika sana ina umbo la tarakimu 8, na uwanja wake wa sumaku unafikia nguvu ya tesla 1.5 hadi 2, kiasi kinacholingana na sumaku ya mashine nyingi za MRI, ila huu huja kwa mipigo mifupi na huzama sentimita 2 au 3 tu chini ya ngozi ya kichwa. Mhudumu haanzi na tiba. Huanza kwa kutafuta kipimo cha mtu huyu aliye mbele yake: anaisogeza koili taratibu upande wa kushoto wa kichwa, anapiga mpigo mmoja mmoja, macho yake yakiwa kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia wa mgonjwa. Kile kiwango cha chini kabisa kinachofanya kidole kiruke ndicho kipimo chake, na nguvu ya tiba yote hukadiriwa kutoka hapo. Kisha koili husogezwa mbele, kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na hisia na maamuzi, na mipigo huanza kwa mfululizo, inagonga kama kigogota kwenye mti mkavu, mgonjwa akiwa na vizibo masikioni. Utaratibu wa zamani ulichukua kama dakika 37 kwa kikao. Utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 kwa wagonjwa 414 ulionyesha kwamba utaratibu mpya wa dakika 3 unafanya kazi bila kuachwa nyuma na ule wa zamani. Vikao ni siku tano kwa wiki, wiki nne hadi sita. Baada ya kila kikao mgonjwa anainuka na kurudi nyumbani kwa miguu yake.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mashine ya kwanza ya aina hii kwa wagonjwa wa sonona mwezi Oktoba 2008, na mwaka 2018 ikaruhusu nyingine kwa wenye ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia. Uingereza, kupitia taasisi yake ya miongozo ya tiba, ilisema mwaka 2015 kwamba haikuona tatizo kubwa la usalama. Wanaoitumia hulalamika zaidi kuhusu maumivu ya kichwa na kugongwa kwa ngozi pale koili inapokaa, na malalamiko hayo hupungua baada ya wiki ya kwanza. Kumbukumbu haipotei. Wachache, hasa wenye ugonjwa wa baipola, huweza kuvuka kutoka kwenye huzuni hadi kwenye uchangamfu uliopita kiasi, na hao wanahitaji kuangaliwa. Kuhusu manufaa, nisiyatie chumvi. Katika majaribio yenye kikundi cha kulinganisha yaliyochapishwa Marekani mwaka 2010, waliopona dalili zote ndani ya wiki chache walikuwa asilimia 14 ya waliopata sumaku ya kweli, dhidi ya asilimia 5 ya waliopata ya kuigiza. Miaka miwili baadaye, wagonjwa 307 wa kliniki za kawaida waliofuatiliwa walionyesha matokeo mazuri zaidi, zaidi ya nusu wakipata nafuu kubwa, ingawa huko hakukuwa na kikundi cha kulinganisha. Hawa ni watu ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia. Kwa mtu wa namna hiyo, hata nafasi moja kati ya saba si kitu cha kudharau.

Hatari moja tu ndiyo inayostahili kuitwa kubwa: kumwangusha mtu kifafa. Miaka ya mwanzo ya 1990, kabla watafiti hawajakubaliana kiasi gani cha mipigo ni salama, hilo lilitokea hata kwa watu wazima wenye afya waliojitolea kwenye maabara. Mwaka 1996 wataalamu walikutana wakaweka mipaka ya nguvu, kasi na muda wa kupumzika kati ya mfululizo mmoja na mwingine. Mipaka hiyo ilichapishwa mwaka 1998, ikapitiwa upya mwaka 2009 na tena 2021. Matokeo yake yanaonekana kwenye uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, ambao uliuliza maabara na kliniki zinazotumia sumaku zilichokiona kati ya mwaka 2012 na 2016. Zilizojibu zilikuwa zimefanya vikao 318,560. Walioanguka walikuwa 24, maana yake ni mmoja kwa kila vikao 13,000 hivi. Hiyo ni namba inayotuliza moyo. Wengi wanaoitangaza tiba hii huishia hapo.

Mimi nashauri tusome mstari unaofuata. Uchunguzi ule ule ulikadiria kwamba kwa watu wasio na sababu yoyote inayojulikana ya kuwafanya waanguke, na waliotibiwa ndani ya mipaka iliyowekwa, hatari ni chini ya mmoja kwa vikao 60,000. Linganisha namba hizo mbili. Mashine ni zile zile, koili ni zile zile. Hatari inapanda mara nne au zaidi pale wanapoingia watu wenye kifafa, wenye jeraha la ubongo, wanaotumia dawa au vileo vinavyorahisisha kifafa, na pale mipaka inapovukwa. Kwa hiyo ile hatari ndogo ya mmoja kwa vikao 60,000 inaelezea watu waliochujwa. Inaelezea mgonjwa wa Toronto au Boston mwenye daktari wa familia anayemfahamu tangu utotoni, mwenye faili lenye historia ya kila dawa aliyomeza, na anayeweza kupigwa picha ya ubongo ikitiliwa shaka. Namba hiyo haisafiri na mashine ndani ya kontena. Anayetaka kuipata hapa lazima aijenge hapa.

Na hapa kwetu kazi ya kuijenga ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, robo tatu ya wenye kifafa hawapati matibabu wanayoyahitaji. Wengi wao hawajawahi hata kuandikwa mahali popote kwamba wana kifafa. Malaria bado ina nguvu Kanda ya Ziwa, na mtoto aliyepona malaria iliyopanda kichwani anaweza kubaki na kovu la ubongo litakalokuja kumwangusha akiwa na miaka 15 au 25. Tegu wa nguruwe, ambaye mabuu yake hujificha kwenye ubongo, amethibitishwa kuwa chanzo cha kifafa kaskazini mwa nchi, Mbulu kwa mfano, na popote nguruwe wanapozurura penye vyoo vichache hatari hiyo ipo. Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960, kuna vijiji ambako ugonjwa huo umezidi kabisa viwango vya kawaida, na watafiti wanauhusisha na usubi. Sisemi kwamba Mbogwe, wilaya yenye Masumbwe, ni Mahenge. Ninachosema ni kwamba katika nchi hii mtu kutokuwa na kifafa kwenye karatasi hakuthibitishi lolote, na daktari atakayeridhika na karatasi atawaweka kwenye kiti watu ambao mwenzake wa Toronto angewasimamisha mlangoni.

Kuna jambo la pili, nalo ni la ukanda wetu hasa: zebaki. Anayefahamu mialo ya kuoshea dhahabu ameona namna kazi inavyofanyika. Udongo uliosagwa kwenye karasha unachanganywa na zebaki kwa mikono mitupu ndani ya beseni, donge jeupe linalopatikana linakamuliwa kwenye kitambaa, kisha linawekwa juu ya moto, mara nyingi kwenye koleo au kikopo cha bati, mpaka zebaki iruke kama moshi usioonekana vizuri na dhahabu ibaki. Anayechoma anainama karibu, kwa sababu anataka kuona rangi ikibadilika. Mara nyingine inachomwa nyuma ya nyumba, watoto wakiwa hapo hapo. Mwaka 2003 mradi wa Umoja wa Mataifa ulipima afya za watu wa Rwamagasa, na takribani robo ya wachomaji walikutwa na dalili za sumu ya zebaki. Sasa zitazame dalili zenyewe: kukosa usingizi, kuchoka, kusahau, hasira za ghafla, haya isiyo ya kawaida, moyo kukosa raha, mikono kutetemeka. Toa mikono inayotetemeka, na yaliyobaki ni dodoso la sonona lililojazwa karibu lote. Mchomaji wa namna hii akipewa dawa za sonona hazitamsaidia sana, na akishindwa na dawa mbili au tatu atakuwa ametimiza kigezo cha kupelekwa kwenye sumaku. Atasafiri, atalipia wiki sita, na kisha atarudi kwenye moshi ule ule. Hata kama hataanguka, hilo ni dhara, kwa kuwa usalama wa tiba ni pamoja na kutompa mtu tiba ya ugonjwa asiokuwa nao huku sumu ikiendelea kumla.

Yapo na mengine ambayo yeyote anayeishi karibu na maduara ya kuchimbia dhahabu anayajua. Baruti hulipuka vibaya, na wapo wanaobaki na vipande vya chuma kwenye paji la uso au karibu na jicho, jeraha likafungwa bila picha ya eksirei. Chuma kilicho jirani na koili kinaweza kusogea au kupata joto, na ndiyo maana miongozo inakataza sumaku kwa mtu mwenye chuma kichwani, mwenye kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, au mwenye klipu kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Kuna gongo, na hatari yake kubwa kwa tiba hii haiko kwenye kunywa peke yake. Iko kwenye siku mbili tatu baada ya mnywaji wa kila siku kuacha ghafla, siku ambazo yuko karibu sana kuanguka kifafa, na ni katika siku hizo hizo ndugu humleta hospitali wakijivunia kwamba sasa ameacha. Kuna tramado, ambayo wengine huitumia kuvumilia maumivu ya kazi nzito, nayo huweza kuleta kifafa yenyewe bila sumaku yoyote. Na kuna dawa zetu halali za hospitali: amitriptilini na klopromazini, zilizoenea katika vituo vyetu vya afya, zote zinaushusha uwezo wa ubongo kuzuia kifafa. Ukiacha chuma kichwani, hakuna hata moja kati ya hizi inayomfungia mtu mlango moja kwa moja. Kila moja inabadilisha hesabu, na anayepiga hesabu lazima azijue zote.

Tatizo ni kwamba karibu zote zinajulikana kwa njia moja tu, nayo ni mgonjwa kusema. Je, atasema? Mwenye kifafa amefundishwa na jamii yake kukificha. Kinavunja uchumba, kinamfukuza mtoto shuleni, na wapo wanaoamini kwamba mate ya anayeanguka huambukiza. Aliyejaribu kujiua naye ana sababu ya kunyamaza, kwa kuwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinalihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Anayetumia bangi hawezi kumwambia mtu aliyevaa sare ya serikali bila woga. Na aliyetoka kwa mganga hatataja dawa za miti alizopewa kama anajua atakaripiwa, ingawa waendao kwa waganga wakiwa na matatizo ya akili ni wengi mno: utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uliwakuta na matatizo ya akili ya kawaida karibu nusu ya waliokuwa wakihudumiwa na waganga, dhidi ya kama robo ya waliokuwa kliniki. Dodoso lenye visanduku vya ndiyo na hapana, likijazwa kwa dakika tano mbele ya foleni, halitayatoa haya. Kazi hii inahitaji mtu anayezungumza Kisukuma au Kisumbwa inapobidi, chumba chenye mlango unaofungwa, na muda. Inahitaji pia kumwuliza mama au mke, kwa ruhusa ya mgonjwa, kwa sababu aliyeanguka usingizini hajijui, ila aliyelala naye anajua. Na maswali yaulizwe kwa lugha ya nyumbani: uliwahi kupata degedege ulipokuwa mdogo, unaamka ukiwa umejiuma ulimi, godoro linalowa, nani anachoma dhahabu hapo kwenu.

Watakuwepo watakaosema ninaikuza hatari ndogo. Watasema kwamba karibu wote walioanguka kwenye kiti cha sumaku walizinduka ndani ya dakika chache, hawakupata kifafa cha kudumu, na mwongozo unataka tu mhudumu ajue kumlaza mtu kwa ubavu na kumwita daktari. Ni kweli, na ninaukubali ukweli huo bila kinyongo. Lakini kuanguka kwa mtu mmoja hapa hakuishii kwa mtu mmoja. Sokoni Masumbwe hakutasemwa kwamba mgonjwa mmoja kati ya maelfu alipata tukio la muda mfupi. Itasemwa kwamba mashine ya hospitali inatia watu kifafa, na baada ya hapo utawaita wagonjwa miaka kumi hawaji. Tumeshaliona hili kwenye tiba ya mshtuko wa umeme, iliyoanzishwa Roma mwaka 1938 na ambayo mpaka leo hakuna tiba ya sonona kali iliyoizidi kwa nguvu. Ilipotolewa sehemu nyingi duniani bila dawa ya usingizi, bila ya kulegeza misuli na bila ridhaa, watu walivunjika mifupa na ikageuka kuwa kitu cha kutishia wagonjwa. Shirika la Afya Duniani lilikuja kusisitiza kwamba kuitoa bila usingizi kukome. Tiba yenyewe haikuwa na kosa, ila jina lake halijasafishika hadi leo, na wapo waliokufa kwa sonona kwa sababu wao au ndugu zao waliikataa.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka upande mwingine: kwamba kuzungumzia sumaku katika mkoa wa Geita wenye watu karibu milioni 3, ambako daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni adimu kama mvua ya Julai, ni anasa. Pesa hizo zinunue dawa, zifundishe wauguzi, ziwalipe washauri. Zimbabwe ilionyesha mwaka 2016, kwa utafiti wa watu 573, kwamba kina bibi wa mtaani waliofunzwa kuongea na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati wanapunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Naafiki kwamba hayo yaje kwanza. Hakuna mgonjwa wa Mbogwe anayepaswa kupelekwa kwenye sumaku kabla hajapata mazungumzo na dawa zinazoeleweka kwa kipimo kamili. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba hata baada ya hatua nne za dawa, takribani theluthi moja ya wagonjwa walikuwa bado hawajapona. Hao tutawaambia nini? Na zaidi ya hapo, ile kazi ninayoidai, ya kuwauliza watu vizuri, haihitaji sumaku ili ilipe. Muuguzi wa zahanati aliyefundishwa kuuliza kuhusu degedege, zebaki, tramado na chuma cha baruti atamgundua mwenye kifafa akampa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu kabisa, na atamtoa mchomaji kwenye moshi kabla mikono haijaanza kutetemeka. Mashine isipokuja kamwe, kazi hiyo itakuwa imeokoa watu.

Wengine wataniuliza kama mchujo mkali hivi hautawafungia nje wachimbaji wadogo wenyewe, watu ambao kazi yao ya giza, madeni na vifo vya wenzao chini ya kifusi inawaletea huzuni nyingi. Wasiwasi huo ni wa haki, na jibu lake ni kwamba kuchuja si kufukuza. Miongozo yenyewe inamruhusu daktari kumtibu mtu mwenye hatari kiasi, kwa nguvu iliyopunguzwa, kwa mpangilio wa polepole zaidi, baada ya kubadilisha dawa fulani au kusubiri wiki kadhaa hadi hatari ya kuacha pombe ipite. Zipo tafiti ambazo sumaku ya mipigo ya polepole imejaribiwa kwa wenye kifafa wenyewe ili kukituliza. Kinachokatazwa ni kumtibu mtu wa aina hiyo bila kujua kwamba ni wa aina hiyo. Nami ningeongeza jambo kwa wale wanaotaka tuiogope sumaku kabisa. Amitriptilini, tunayoiandika kwa sonona bila kusita, ni dawa inayoua ikimezwa kwa wingi, nasi tunampa mtu anayewaza kifo akaiweke chini ya mto. Dunia inapoteza zaidi ya watu 700,000 kila mwaka kwa kujiua. Anayepima hatari ya koili lazima aipime dhidi ya hatari hizo, na koili itashinda kwa mbali, mradi mgonjwa ameulizwa.

Kwa hiyo siku maombi ya kuleta mashine hii yatakapofika kwenye meza za Wizara ya Afya na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yakitoka hospitali ya umma au kliniki binafsi, naomba kitu kimoja kisiachwe kwa hiari ya muuzaji. Kibali kitolewe kwa kifaa pamoja na utaratibu wa mahojiano, wahudumu waliofunzwa, na daftari la matukio ambalo kila anayeanguka ataandikwa na idadi yake kutangazwa kila mwaka, ili baada ya miaka michache tuwe na namba yetu wenyewe badala ya kukopa ya Toronto. Na hapo hapo tujitenge hadharani na bangili za sumaku na vile vifaa vya kupima mwili mzima kwa kushika kifimbo vinavyouzwa kwenye minada, kwa sababu navyo hujiita sumaku, na havina uhusiano wowote na kilichofanywa Sheffield.

Uchunguzi wa mwaka 2019 ulikuwa na jambo jingine ambalo mpangaji wa huduma hapaswi kulipita: zaidi ya nusu ya walioanguka waliangukia kwenye kikao cha kwanza. Maana yake ni kwamba kikao hicho, na ikiwezekana wiki yote ya kwanza, kifanyike penye daktari na dawa ya kuzuia kifafa karibu, mathalani Hospitali ya Bugando jijini Mwanza au Hospitali ya Kanda ya Chato, kabla mgonjwa hajafikiriwa kuendelea karibu na nyumbani. Lakini kukosa usingizi nako kumo kwenye orodha ya vitu vinavyomsogeza mtu karibu na kuanguka. Mgonjwa wa Masumbwe anayetakiwa Bugando saa mbili asubuhi, hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwaka 2025, atatoka kwake usiku, atasimama kando ya barabara ya malori ya Rwanda na Burundi akisubiri basi, na atafika Mwanza hajafumba jicho, akaketishwa kwenye kiti akiwa katika hali ile ile ambayo mwongozo unaitahadharisha. Hakuna mashine itakayolirekebisha hilo. Litarekebishwa na kitanda cha bei anayoimudu mchimbaji, hapo jirani na hospitali, alale usiku wa kuamkia kikao cha kwanza na kila usiku wa wiki hiyo, na gharama yake iandikwe kwenye bajeti ile ile ya kununulia koili.